Zilifutika

Kila anayeanza kupiga picha za michezo hapa Arusha hupewa ushauri uleule. Mimi nilipewa kwenye semina ya siku moja, katika ukumbi mmoja wa katikati ya mji, nikiwa nimelipia kiingilio kwa pesa yangu ya chakula. Kaka yetu aliyekuja kutufundisha amepiga mechi kubwa, ndani na nje ya nchi, na heshima yake simvunjii. Alisema hivi: msianzie juu. Nendeni mechi za vyuo. Hakuna atakayewafukuza, hakuna atakayewauliza kitambulisho. Piga, kosea, futa, piga tena. Zile ni za mazoezi.

Tulikuwa kama thelathini ukumbini na wote tuliandika. Neno "mazoezi" mimi nililipigia mstari mara mbili.

Leo nabishana na neno hilo. Ushauri wa kaka yetu ni nusu kweli na nusu wizi, na ile nusu ya wizi sikusimuliwa na mtu. Niliitenda mwenyewe.

Nianze na iliyo kweli, maana simpendi mtu anayebisha huku akikana hata alichokula. Mechi za vyuo zimenilea. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, somo langu ni maji, na kamera ni ugonjwa nilioupata njiani. Nilinunua ya mtumba kwa kijana aliyekuwa anaacha kazi ya harusi, pamoja na lenzi ndefu ya bei rahisi, zile ambazo ukizivuta mpaka mwisho tundu linabana na mwanga unaoingia unakuwa wa kuhesabu. Ukiwa na lenzi hiyo, mwezi wa Juni, chini ya Mlima Meru, utajifunza upende usipende. Wingu hushuka mlimani likakaa. Saa kumi jioni uwanja mzima una rangi ya majivu. Na mguu unaopiga mpira haukungoji: ukitaka usitoke kama moshi, unahitaji shata ya 1/1000 ya sekunde au jirani yake. Kwa wingu lile na lenzi ile, maana yake ni kupandisha ISO hadi 3200, hadi 6400, na picha inaanza kuota chenga kama uji usiochekechwa. Sasa chagua: chenga au moshi. Nilisoma maneno hayo mara nyingi kwenye intaneti, lakini niliyaelewa nikiwa nimepiga goti kwenye nyasi zenye umande, vidole vimekufa ganzi, beki wa kushoto ananijia mzima mzima.

Nilijifunza pia pa kusimama. Mwanzoni nilikuwa nafuata mpira kama watoto wa chekechea wanavyoufuata, wote kwa pamoja. Baadaye nikajua kukaa pembeni ya goli, jua likiwa mgongoni, na kutazama kilicho nyuma ya mchezaji kabla ya kumtazama mchezaji, maana viwanja vya vyuo vimezungukwa na kila kitu: Hiace zilizoegeshwa, kamba za kuanikia nguo za hosteli, pipa la taka, mbuzi wa jirani. Nilijifunza kwamba goli likifungwa mpira hauna habari tena, mtazame kipa. Na mfungaji wa chuo hakimbilii kamera kama wale wa kwenye televisheni. Anawakimbilia rafiki zake, na rafiki zake wamesimama nyuma yako, kwa hiyo kaa tayari kugeuka.

Mchezo ulionifundisha zaidi ni mpira wa pete. Wapiga picha wengi hawaujui, ndiyo maana wanaudharau. Mchezaji akidaka mpira haruhusiwi kukimbia nao, na ana sekunde 3 tu za kuutoa. Kwa hiyo mchezo wote una mapigo: anaruka, anadaka, anatua, anatafuta wa kumpa. Wengi hupiga pale anaporuka, kwa sababu kuruka kunapendeza. Uso uko pale anapotafuta. Ndani ya zile sekunde 3 mwili umesimama lakini macho yanakimbia uwanja mzima, na hapo utamwona mtu alivyo. Ni zawadi kwa mpiga picha mwenye lenzi mbovu, maana mwili uliosimama hauhitaji 1/1000.

Hayo yote niliyajua vizuri baadaye. Asubuhi ninayotaka kuieleza nilikuwa sijajua hata nusu yake.

Ilikuwa Jumamosi, Juni mwaka jana, bonanza la vyuo, katika chuo kimoja kando ya barabara ya Moshi. Ratiba ilikuwa kama ratiba za mabonanza yote: mpira wa pete saa tatu asubuhi, wavu baada yake, kuvuta kamba ili wahadhiri wachekwe kidogo, chakula, halafu saa tisa alasiri mpira wa miguu wanaume, mgeni rasmi akiwa ameshafika na spika zimeshaunguruma. Nilifuata akili ya ratiba. Mpira wa pete niliupiga kama mtu anayepasha gari moto. Mimi mwanamke, niliyecheza mchezo huohuo sekondari, niliwapiga wale wasichana ili mkono uzoee kabla wanaume hawajaingia.

Timu ya wenyeji ilikuwa na GS mmoja mrefu, mtulivu, mwenye mtindo wa kuupumzisha mpira kidoleni kabla ya kuurusha, kana kwamba anausikiliza. Namkumbuka kwa sababu nilimtumia kupimia fokasi. Alikuwa anasimama pale pale chini ya pete, na kitu kinachosimama ni kizuri kwa kupimia. Nadhani nilimpiga zaidi ya mara hamsini.

Wakati wa chakula nilikaa chini ya mgrevilea na sahani ya wali maharage, nikaitazama kadi yangu. Ilikuwa moja tu, ndogo, na ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Mechi ya wanaume ilikuwa mbele. Nilifanya nilivyofundishwa. Nilikwenda kwenye menyu, nikachagua zote, nikafuta. Sikuzipitia hata kwa haraka. Nilimalizia wali wangu.

Jioni, watu wameshaanza kutawanyika na mimi nafunga begi, yule GS akaja. Alikuwa ameshabadilisha nguo, amevaa kitenge na sweta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Wewe ndiye uliyekuwa unatupiga asubuhi?"

"Ndiyo."

"Naomba zangu. Hata moja tu. Mama nyumbani anasema namdanganya, anajua nikisema nachezea chuo ni njia ya kuombea nauli." Alicheka. "Na leo ndiyo mwisho, namaliza."

Nilimwambia: niandikie namba yako, nitakutumia.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua, kwa kweli. Niliona aibu, na uongo ulikuwa karibu kuliko ukweli. Jumatatu akaandika: "Dada za asubuhi vipi?" Nikajibu: bado nazihariri. Alhamisi akaandika tena, nikamwambia kompyuta inasumbua. Aliandika mara tano kwa wiki nne, kila mara kwa adabu, kila mara akianza na salamu. Mara ya tano ndipo nilipomwandikia: "Pole sana mdogo wangu, zile picha zilifutika."

Kiswahili kina huruma na waongo. Zilifutika. Kitenzi hicho hakina mtu ndani yake. Picha zimejifuta, kama nguo inavyochanika na maziwa yanavyomwagika, na mimi nimesimama pembeni kama shahidi. Nilikuwa na kitenzi kingine, kifupi vilevile: nilizifuta. Sikukitumia.

Akajibu: "Sawa dada. Mungu akubariki."

Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema mechi za vyuo ni za mazoezi, nauliza: za mazoezi ya nani? Yule binti hakuwa kwenye mazoezi. Ile ilikuwa mechi yake ya mwisho, labda ya mwisho maishani kwa mchezo wenye refa na filimbi na watu wa kushangilia. Aliyekuwa kwenye mazoezi ni mimi, na niliyafanyia mwilini mwake.

Najua hoja itakayoletwa, maana nimeshaletewa, tena na watu ninaowapenda. Wataniuliza tutajifunzia wapi, na kwamba kila fundi alianza kwa kuharibu. Ni kweli. Lakini tazama wenzetu wanaofanya kazi juu ya watu. Mwalimu aliye kwenye BTP anakwenda shuleni akiwa hajui kufundisha, kila mtu anajua hajui, na bado hakuna anayemwambia kwamba Kidato cha Pili wale ni wa mazoezi, akiharibu afute. Wale watoto hawarudishiwi muhula. Ndiyo maana anaandaa andalio la somo, anakaguliwa, anasahihisha madaftari usiku. Kujifunza kwake hakumwondolei deni. Sisi wenye kamera tumejipa ruhusa ambayo hakuna fani nyingine imejipa: tumeambiwa tujifunze kwa watu halafu watu wenyewe tuwatupe.

Na tunawatupa kwa sababu macho yetu yako kwingine. Mji wetu una njaa ya mpira mkubwa. Tangu JKT Oljoro ishuke, ni zaidi ya miaka kumi Arusha haina timu yake ya Ligi Kuu, na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ambao umebeba jina la mshairi aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi, umekuwa zaidi wa mikutano, matamasha na mechi za wageni. Sasa unajengwa uwanja mpya kule Olmoti, wa watu 30,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027 ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuandaa pamoja. Hakuna kikao cha wapiga picha siku hizi ambacho Olmoti haitajwi. Kila mtu anahesabu: nikipiga vyuo mwaka huu, mwakani nitakuwa na kazi za kuonyesha, nitapata ithibati, nitavaa kizibao, nitakaa nyuma ya goli na wale wa kutoka Ulaya wenye lenzi kama mitungi ya gesi. Simlaumu anayetamani. Natamani mwenyewe. Ninachokataa ni hesabu inayofanya binti aliye chini ya pete kuwa kipandio cha kufikia Olmoti.

Tena hesabu yenyewe ni ya watu wasioijua historia ya michezo ya upande huu wa nchi. Picha inayojulikana kuliko zote za mwanamichezo wa Tanzania ni ya mtu aliyeshika nafasi ya mwisho. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka na kuumia kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Medali zilikuwa zimeshagawiwa. Mtu mwenye kamera aliyefuata akili ya ratiba angekuwa ameshafunga begi, kama nilivyokuwa nafunga langu. Tunamjua Akhwari kwa sababu kuna waliokuwa hawajafunga.

Mwaka 1974, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, mkoa wetu huuhuu, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 kule Christchurch, New Zealand, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mlio wa bastola. Picha zipo. Septemba 2025 Alphonce Simbu, anayefanyia mazoezi yake hapahapa Arusha, alitwaa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na ilibidi kamera ya mstari wa mwisho iamue: sehemu 3 za 100 za sekunde. Baada ya kilomita 42, picha ndiyo iliyosema nani bingwa.

Sasa ziangalie picha hizo tatu zilikopigwa. Mexico, Christchurch, Tokyo. Kumbukumbu ya wanamichezo wetu inaanzia uwanja wa ndege. Nani kati yetu amewahi kuning'iniza ukutani picha ya Bayi akiwa kijana anakimbia kwenye uwanja wa vumbi mbele ya watu kumi? Nani anayo ya Akhwari, Mbulu? Kila bingwa alikuwa na mashindano yake ya shule, kamba yake iliyoshikwa na walimu wawili, saa yake ya mkononi iliyokuwa inapima. Wale walimu waliona kitu ambacho Tokyo haiwezi kukiona. Na sisi ndio tuliopo hapo sasa, kwenye UMISSETA, kwenye mabonanza, na tuna kamera ambazo walimu wale hawakuwa nazo, halafu tunaambiana: futa.

(Nitajibiwa kwamba kati ya wale wasichana wa barabara ya Moshi hakuna Bayi. Huenda. Lakini aliyesema thamani ya picha inategemea aliyepigwa kuja kuwa bingwa ni nani? Mama wa yule GS alikuwa hasubiri bingwa. Alikuwa anasubiri ushahidi kwamba mwanawe si mwongo.)

Kuna jambo jingine ambalo mechi ndogo zinafundisha na kubwa haziwezi, na hili sikuambiwa kwenye semina yoyote. Kwenye mechi ndogo, uliyempiga ana namba yako ya simu.

Nilisema somo langu ni maji. Anayekaa miteremko ya Meru hahitaji maelezo, lakini kwa wengine: mawe ya mlima huu wa volkano yanaachia floraidi kwenye chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Upande wa Ngarenanyuki, na vijiji vingi chini ya mlima, kuna maji yanayopita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto anayekua akinywa maji hayo meno yake yanaota yakiwa na rangi ya kahawia. Si uchafu, hayasuguliki yakatoka. Utaona kwenye picha za harusi zetu, za mahafali, za kipaimara: watu wanatabasamu midomo imefumbwa. Wageni hudhani ni ukali.

Baada ya mechi moja ya wavu mwaka huu nilimtumia kijana mmoja picha yake. Timu yake ilikuwa imetoka kushinda seti ya mwisho, amerusha mikono, kichwa kimekwenda nyuma, anacheka kwa mdomo wote. Nilijivunia picha ile. Akanipigia.

"Dada, nimeiona. Nzuri. Ila hapa nimecheka."

"Ndiyo, umecheka vizuri."

"Unaweza kunifumba mdomo?"

Nikamtolea hotuba. Nilimwambia mpiga picha wa michezo habadilishi kilichotokea, habadilishi hata unyasi, nikamwambia kuhusu uaminifu. Nilikuwa naongea kama kitabu. Nikaongeza na somo la maji, kwamba si kosa lake, kwamba ni jiolojia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Sawa dada. Basi usiiweke popote."

Sijaiweka. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga na hakuna atakayeiona. Kama ningekuwa nimeipiga Olmoti, nikiwa na kizibao, ningeituma dunia nzima kabla kijana yule hajafika bafuni, na nisingejua kamwe kwamba kuna mtu alitamani kufumba mdomo. Hilo ndilo somo lenyewe, na huwezi kulipata kwa kufuta.

Nije kwa vyuo vyenyewe, maana navyo vina lao. Ukishajulikana kidogo, ofisi ya michezo itakuita. "Njoo utupigie bonanza, upate uzoefu." Uzoefu ni sarafu ya ajabu: anayeitoa haimpungukii na anayeipokea hawezi kulipia nauli. Unalipwa soda na chipsi. Mwaka jana nilikuwa kwenye kifodi, nikatazama dirishani, nikaiona picha yangu ukutani, kubwa kuliko kifodi chenyewe, inatangaza nafasi za masomo. Jina langu halikuwepo. Sikuulizwa wala kulipwa. Nilipokwenda kuuliza, nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba nilipaswa kufurahi.

Nilirudi nyumbani nikisoma sheria usiku kucha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaitambua picha kuwa kazi ya aliyeipiga, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Wapiga picha vijana, isomeni, si ndefu. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya mechi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp: picha ngapi, zitumike wapi, jina liandikwe wapi. Na kama ni uzoefu tu wanaotoa, basi nao wapate uzoefu tu: picha za kuweka kwenye ubao wa matangazo wa ndani, si za kuuzia nafasi barabarani.

Lakini nikiwa katikati ya hasira ile nilikumbuka kwamba kwenye ule ukuta kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Mchezaji. Sura yake ndiyo inayouza. Yeye pia sasa ana sheria, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini mimi nilipokwenda kulalamika ofisini nilizungumzia jina langu tu. Lake sikulitaja. Nilikuwa silijui.

Kwa hiyo siku hizi nina daftari. Si jambo kubwa, ni daftari la mistari. Kabla ya mechi naenda kwa nahodha, naandika namba za jezi na majina, au kwa mpira wa pete zile herufi za vifuani. Wanashangaa kidogo, kisha wanagombania kuandikwa. Picha za kadi hazifutwi mpaka zimeshuka kwenye kompyuta na kila jina lina picha yake, hata yule aliyekaa benchi dakika zote. Jumanne ni siku ya kutuma. Wasio na simu ya maana nawachapia mjini, saizi ndogo, na ninawachangisha gharama, sijifanyi tajiri. Picha nyingi ni mbaya. Zina chenga, nyingine zina moshi. Wanazipokea hizohizo, na wananiambia zipi mbaya kuliko kaka yetu wa semina alivyowahi kuniambia.

Mpira wa pete naupiga kwa betri iliyojaa, na kadi naiacha wazi tangu asubuhi. Wanaume watapata itakayobaki.

Kaka yetu nilimweleza haya yote mwezi uliopita, tulipokutana kwenye mechi. Alinisikiliza, akasema nitachoka. Daftari utaliacha, akasema, ukianza kulipwa kwa saa. Huenda anajua asemalo, amepita njia hii kabla yangu. Kisha akaniuliza kama nimeshaanza kuandaa makaratasi ya kuomba ithibati ya 2027. Nikamwambia ndiyo.

Namba ya yule GS bado ninayo. Nimemwandikia mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza nilimwandikia kitenzi kile kingine. Alisoma, hakujibu, na ni haki yake. Mara ya pili nilimwomba ruhusa ya kuandika haya bila jina lake wala la chuo, akajibu neno moja: "Andika."

Kama ulikuwepo asubuhi ile ya Juni kando ya barabara ya Moshi, kwenye uwanja wa changarawe ulio nyuma ya bwalo, na ulikuwa umeshika simu, tafadhali tafuta. Alivaa GS, jezi ya kijani, ni mrefu, anaupumzisha mpira kidoleni kabla ya kuurusha. Hata kama imetikisika. Hata kama yuko nyuma ya mtu mwingine na ni mkono tu unaoonekana. Itume, nitamfikishia.